Siku niliyokanyaga Antaktika

Januari 2019 nilikuwa nafanya kazi melini, hizi meli ndogo za watalii zinazotoka Ushuaia kule mwisho wa Argentina kwenda Antaktika, lile bara la barafu kusini kabisa mwa dunia. Mimi nilikuwa londri, chini kabisa ambako hakuna dirisha, ivo Antaktika niliijua kwanza kwa masikio, barafu inakwaruza ubavu wa meli na sisi tunakunja mashuka. Kabla ya hapo ni Drake, ile bahari kati ya Cape Horn na visiwa vya South Shetland, kama kilomita 800 hivi, siku mbili za mawimbi, usingizi hakuna.

Sasa mfanyakazi kushuka nchi kavu kule ni bahati yako tu. Sheria inasema watu wasizidi 100 ufukweni kwa wakati mmoja, na abiria walikuwa karibu 200, kwa hiyo wanapelekwa kwa zamu, wakiisha wote na muda ukibaki ndo tunaitwa sisi. Siku hiyo tuko Neko Harbour, ghuba moja ya huko, jamaa mmoja wa Malindi wa jikoni akaja mbio, "Kaka, acha hizo taulo, tumeitwa!"

Nikaazima gambuti. Wakatupitisha vakyumu, ile mashine ya kunyonya vumbi, mifukoni na kwenye mikunjo ya suruali, wanatafuta hata mbegu moja ya nyasi, alafu unachovya viatu kwenye dawa. Nililipenda sana hilo, yani watu wanailinda ile sehemu kwelikweli, maana mbegu ngeni au ugonjwa ukishaingia kule nani atautoa?

Tukapanda boti ya mpira. Hata hatujafika, harufu ikatupokea, kali kama gunia la uduvi lililonyeshewa na mvua, na kumbe ni ya pengwini, wale ndege wa baharini wasioruka, wanakula krili, vidudu vinavyofanana sana na uduvi, ndo maana mavi yao ni ya waridi na theluji pale imeshika rangi hiyo.

Pengwini wa pale ni gentoo, mdomo wa rangi ya chungwa na doa jeupe juu ya jicho. Wamekanyaga theluji mpaka wametengeneza vijia vyao, vya kupanda viotani na kushuka baharini, na wewe huruhusiwi kupita humo wala kuwasogelea chini ya mita 5. Mmoja akatoka majini anapanda, muongozaji akainua mkono, sote tukasimama kumpisha. Akapita taratibu wala hatutazami, akafika kiotani, kifaranga kikaingiza kichwa ndani ya mdomo wake kula. Pembeni hapo jirani alikuwa anaiba kijiwe cha kiota cha mwenzake, anakivuta kwa mdomo, anaenda kukipanga kwake, anarudi tena! Ningeweza kukaa pale mpaka usiku, na usiku wenyewe msimu ule giza haliingii.

Jamaa yangu akaniuliza, "Kaka, hapa tuko nchi ya nani?" Nikamwambia nilivyosikia melini, nchi 7 zinadai vipande vya bara hili lakini mkataba wa 1959 umeyaweka madai yote kando, pamebaki pa amani na utafiti. Akasema, "Basi leo hapa ni petu pia." Akachutama akagusa theluji kwa mkono mtupu.

Hapo ndo ukasikika mlio kama mzinga, ukuta wa barafu ng'ambo ya ghuba umemeguka kipande kikaangukia majini. Waongozaji wakapiga kelele tupande juu, tupande, sababu wimbi likifika pale ufukweni linazoa mtu. Tukakimbia, maji yakaja kweli yakajaa pale tulipokuwa tumesimama mwanzo, pengwini waliokuwa chini nao wakapanda mbio mabawa yametanuka.

Tuliporudi melini niliingia zamu hivohivo nimelowa soksi, nikahadithia mpaka wenzangu waliokosa nafasi wakaenda kwa bosi kuomba waandikwe kwenye orodha ya kesho yake.