Magita mawili na chupa ya soda

Kila niliyemwambia tunapiga shoo wawili tu, bila ngoma wala besi, alinijibu vilevile: "Kodisha spika kubwa, yakhe, watu watalala." Nikasikiliza. Sijui kwa nini nilisikiliza.

Mimi na mwenzangu tulikuwa bendi moja ya watu watano, tukipiga roki iliyotiwa chakacha kwenye mahoteli ya ufuoni, mpaka tukakosana kwa pesa za ampu, kile kikuza sauti cha gita, tuliyoiuza. Miaka tisa hatukupigiana hata simu. Tukaja kukutana matangani Kisauni, hapa Mombasa, tukapeana mikono kwa haya, na kahawa haijapoa tukawa tunabishana nani aliyekuwa akiharibu wimbo wa mwisho. (Ni yeye.)

Shoo ya kwanza tuliipigia kwenye mkahawa mmoja Nyali, na spika za kukodi, elfu nane hivi pamoja na usafiri. Aibu tupu. Maiki zilipiga mluzi, gita langu likavuma kama kinu cha posho, na fundi wa spika yuko kule nyuma anatuonyesha dole gumba huku anakula viazi karai. Lakini tusimsingizie fundi. Sisi wenyewe tulikuwa tunapiga kitu kimoja, kodi zilezile (zile noti za gita zinazopigwa kwa pamoja, si za serikali), mahali palepale shingoni mwa gita, kama watu wawili wanaosoma gazeti moja kwa sauti. Zamani besi na ngoma zilitusitiri. Meza ya mbele iliomba bili wimbo wa tatu.

Nililala na jambo hilo wiki nzima. Dawa ilikuwa kapo, kile kibano cha shingo ya gita. Wimbo ukiwa wa kodi ya G, mimi nabaki chini na G ya kawaida, bila kibano. Yeye anakibana kwenye freti ya tano, yaani chumba cha tano cha shingo, na kupanga vidole kama anapiga D. Hapo inatoka G ileile, lakini nyembamba, ya juu, inayong'aa. Mke wangu akatoka jikoni kuuliza nani mwingine amekuja.

Ikabaki ngoma. Nikakumbuka wale wapiga omutibo, mtindo wa gita wa magharibi mwa Kenya, enzi za kina George Mukabi, waliokwaruza chupa ya Fanta kushika mapigo. Ya plastiki haifai, usijisumbue. Nilitafuta ya kioo yenye mikunjo, nikajaribu kijiko, kikasikika kama mtu anaosha vyombo. Msumari wa inchi nne ndio ulioimba: kwarara-kwa, kwarara-kwa. Nikamkabidhi mpwa wangu. Dakika kumi tu, "Mjomba, vidole vinauma." Akafungwa plasta, mazoezi yakaendelea. Kwenye tangazo tuliandika wapigaji wawili, mpwa hahesabiwi.

Safari hii tuliomba ua wa nyumba ya jamaa Mji wa Kale. Kuta za matumbawe zinarudisha sauti vizuri kuliko spika yoyote ya kukodi, mradi viti vikae nusu duara na wa mwisho asiwe mbali. Nyuzi nilibadilisha siku mbili kabla, kwani mpya hulegea, na za zamani kwa chumvi ya hapa zilikuwa zishaota kutu. Kila baada ya nyimbo mbili nazipangusa kwa leso. Na tulianza baada ya Isha; anayepanga shoo ya saa moja jioni Mji wa Kale atajuana na waadhini.

Katikati ya shoo umeme ukakatika. Feni ndizo zilizonyamaza, sisi hatukukosa hata pigo moja. Yule mshauri wangu mkuu wa spika alikuwa kiti cha pili, nikamwimbia beti nzima nikimtazama usoni.

Kikapu kilirudi na elfu kumi na kitu. Tulipokuwa tunagawa, mwenzangu akachomoa elfu tatu kwenye fungu lake, akanisogezea bila kunitazama. "Ya ile ampu," akasema. Nikahesabu. Bado ananidai mia tano ya teksi, anavyodai yeye, na mimi namdai elfu mbili. Tunapiga tena mfungo ukiisha.