Mababu wa Koo za Armenia

Siku hizi nimezama katika habari za koo za kikabaila za Armenia ya kale, na kilichonishangaza ni kwamba baadhi ya zile zenye nguvu zaidi hazikudai kuwa wenyeji. Kwa mujibu wa mwanahistoria Movses Khorenatsi, ukoo wa Artsruni ulijinasibisha na wana wa Senakeribu mfalme wa Ashuru, wale Adrameleki na Sharezeri ambao Kitabu cha Pili cha Wafalme kinasimulia kwamba walimuua baba yao kwa upanga, kisha wakakimbilia nchi ya Ararati, yaani eneo la Armenia. Niliurudia mstari huo nikijiuliza ni nani angejivunia wauaji wa mzazi, ingawa damu ya kifalme, nadhani, husamehewa mengi. Ukoo huohuo ndio uliomtoa Mfalme Gagik, aliyejenga kanisa la kisiwa cha Aghtamar katika Ziwa Van kati ya mwaka 915 na 921.

Wabagratuni, ukoo mwingine, nao walihusishwa na Shambat, mateka Myahudi wa enzi za Nebukadreza, na ukoo wa Wamamikonian ukahusishwa na ndugu wawili wakimbizi, Mamik na Konak, kutoka mashariki ya mbali.

Ninayempenda zaidi ni Tork wa ukoo wa Angegh, jitu lenye sura ya kutisha lililovurumishia majabali merikebu za maadui katika Bahari Nyeusi hadi zikazama. Khorenatsi mwenyewe, baada ya kuisimulia habari hiyo kwa furaha dhahiri, anakiri kwamba imetiwa chumvi mno.