Mkia uliokuwa ukitetemeka kila nikitua: jinsi nilivyoutuliza

Jamani, ndege yangu ndogo, Piper J-3 ya 1946, sasa inatua kimya. Awali, gurudumu la mkia likigusa lami tu, pedali zilinipiga nyayo mpaka ndege isimame. Nilibadilisha tairi, nikakaza springi za usukani, nikafunga hata gurudumu jipya zima. Wapi!

Kilichosaidia ni kupima mwinamo wa kingpini (pini ambayo gurudumu la mkia hugeukia kushoto na kulia) mkia ukiwa chini, tangi limejaa, watu wawili ndani. Kwenye jeki ilionekana sawa kabisa. Kwa uzito kamili kichwa chake kiliinamia mbele. Kinatakiwa kisimame wima, au kilale kidogo kuelekea nyuma. Springi za bapa zinazobeba gurudumu zilikuwa zimelala kwa uzee. Fundi mwenye leseni alifunga mpya, tukapima tena vilevile, ndipo nikaruka.