Wiki ile ya Novemba 1989

Nimekesha tena na mwaka 1989. Kila nikiupitia, nakwama kwenye wiki ileile.

Alhamisi tarehe 9 Novemba, jioni, Günter Schabowski wa chama tawala cha Ujerumani Mashariki aliulizwa na waandishi wa habari ruhusa mpya ya kusafiri inaanza lini. Akapekua karatasi zake, akasema kwa kadiri ajuavyo ni mara moja, bila kuchelewa. Kabla ya saa sita usiku umati ulikuwa umeshapita lango la mpakani la Bornholmer Straße, kuingia Berlin Magharibi. Picha za vijana juu ya Ukuta wa Berlin tumezizoea wote.

Lakini siku hiyohiyo Wanamibia walikuwa wanapiga kura! Uchaguzi wao, chini ya usimamizi wa Umoja wa Mataifa, ulianza tarehe 7 ukaisha tarehe 11. Afrika Kusini ilikuwa imeishikilia nchi ile tangu 1915. Wapiga kura walioandikishwa walikuwa kama laki saba, na karibu 97 katika kila 100 walijitokeza. Miezi miwili tu nyuma, Anton Lubowski, wakili Mzungu aliyejiunga na SWAPO, chama kilichopigania uhuru wa Namibia, alikuwa ameuawa kwa risasi nje ya nyumba yake Windhoek. Siku mbili baada ya kifo hicho Sam Nujoma, kiongozi wa SWAPO, akarudi kutoka uhamishoni, alikokaa karibu miaka 30. Damu ilikuwa bado mbichi, na watu wakapanga foleni.

SWAPO ilipata viti 41 kati ya 72. Ni ushindi, ila haukufika theluthi mbili zilizohitajika kupitisha katiba, kwa hiyo ilibidi waketi na wapinzani wao waiandike katiba pamoja. Hapo ndipo ninapowavulia kofia hasa. Februari 1990 katiba ikapitishwa. Tarehe 21 Machi Namibia ikawa huru.

(Mwaka huohuo wa 1989, Juni 4, Wapolandi walikuwa wanawachagua wagombea wa Solidarność, vuguvugu lililoupinga utawala wa kikomunisti, huku Beijing jeshi likiwaua waandamanaji. Siku moja. Sijui nifanye nini na jambo hilo.)

Inaniuma kwamba wiki ya Novemba imebaki na Ukuta peke yake. Kesho nitatafuta picha za foleni za Namibia. Nataka kuziona nyuso za waliosimama juani Alhamisi ile mchana, saa chache kabla Schabowski hajaifungua karatasi yake.