Nilivyoweka zawadi kwa programu ya kuhifadhi data kwenye karatasi, na pesa niliyoitoa bure mwanzoni

Kabla sijaanza nilipewa ushauri wa aina mbili. Mmoja aliniambia ukiingiza pesa kwenye programu huria, wanaojitolea watasusa. Mwingine akasema wewe tangaza tu, wajuzi watakuja na watajua cha kufanya. Hakuna aliyesusa. Ila huyu wa pili ndiye aliyenigharimu.

Programu ninayoitunza inachukua faili dogo, tuseme ufunguo wa siri wa GPG (programu ya kufunga ujumbe na faili zisisomwe na wengine), inalibana, inalikatakata vipande na kuvichapa kama misimbo ya QR kwenye karatasi za A4. Siku diski ikifa unaziskani karatasi zako na faili linarudi. Naipenda kazi hii. Tona, yaani wino wa unga wa printa ya leza, ikiwekwa pakavu inadumu miaka na miaka (karatasi ya risiti usithubutu, inafifia). Tatizo lilikuwa kwenye kurejesha: karatasi ikichakaa kidogo tu, ulibaki kuomba Mungu. Hesabu za kusahihisha makosa, yaani kuongeza data ya ziada ili sehemu iliyoharibika iweze kurudishwa, siziwezi, kwa hiyo nikaamua kuwalipa wanaoziweza.

Tangazo langu la kwanza lilisema zawadi itakwenda kwa "atakayeboresha programu kwa kiasi kikubwa". Neno hilo kuboresha ndilo lililoniponza. Alikuja kijana hodari, msimbo wake safi, akaniletea ubora alioujua yeye: kujaza data nyingi kwenye ukurasa. Msimbo wa QR mkubwa kuliko yote ni toleo la 40, una vimraba 177 kwa 177, na kwenye kiwango cha chini kabisa cha kusahihisha makosa unabeba baiti 2,953. Akauchukua huo huo, akaufinya mpaka vimraba vikawa kama vumbi. Ukurasa mmoja ukabeba karibu mara nne ya nilichokuwa nikibeba mimi. Nikachapa, nikaskani zikiwa bado za moto, faili likarudi zima. Nilimlipa jioni hiyo hiyo, yote.

Kisha nikazikunja karatasi zile mara nne, nikazitia kwenye bahasha na bahasha kwenye begi. Baada ya wiki tatu nikazifungua. Kwenye mkunjo tona ilikuwa imebanduka, mstari mweupe mwembamba kama uzi ukikatiza katikati ya misimbo. Kiwango kile cha chini kinasahihisha takriban asilimia 7 tu ya msimbo. Ukurasa wa kwanza ulisomeka misimbo miwili tu. Kijana hana kosa hata kidogo, alifanya nilichoandika.

Tangazo la pili sikuomba uboreshaji. Niliomba karatasi zinusurike, na nikaandika mateso zitakayoyapata: faili ni hili, wewe tengeneza kurasa, mimi nitazichapa kwa leza, nitazikunja zote pamoja mara nne, nitaziwekea kikombe cha chai kilicholowa kitako, nitachora kwa kalamu ya wino, halafu nitaondoa karatasi moja. Ipi, sisemi. Nitaskani kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi). Kurasa za ziada zisizidi robo. Alama ya SHA-256, mfuatano unaokokotolewa kutoka kwenye faili na unaobadilika faili likibadilika hata kidogo, ya faili lililorudi ikilingana na niliyoitangaza, herufi zote 64, pesa ni yako. Ikipishana hata moja, bado. Ubishi wote wa kazi ya nani ni nzuri ukaisha hapo hapo.

Wa kwanza kujaribu alipandisha misimbo mpaka kiwango cha juu, kinachovumilia uharibifu wa takriban asilimia 30. Mkunjo haukumsumbua, chai haikumsumbua. Karatasi iliyoondolewa ndiyo ilimmaliza, kwa sababu usahihishaji wa QR unaishi ndani ya kila msimbo, na msimbo usiokuwepo huna pa kuusahihishia. Wa pili alitumia Reed-Solomon, hesabu za kusahihisha makosa za mwaka 1960 ambazo QR yenyewe inazitumia ndani, lakini akazitandaza juu ya kurasa zote: 12 za data na 3 za nyongeza, upoteze zozote tatu na bado faili lipo. Naye akaanguka! Karatasi zikikunjwa pamoja zinaumia mahali pale pale, na vipande vya kundi moja, yaani vile vinavyookoana, alikuwa amevipanga mahali pamoja kwenye kila ukurasa. Aligundua mwenyewe. Akavisogeza kama ngazi, kila ukurasa nafasi moja mbele, na mkunjo ukawa unakula kipande kimoja tu cha kila kundi.

Nikaondoa ukurasa wa 7. Kompyuta iliandika sawa, lakini mimi bado nilizifuata zile herufi 64 kwa kidole, moja moja.

Jumla ya zawadi zote haikufika bei ya skana ya kawaida. Mkipanga yenu, andikeni mapema kwamba kazi itatolewa kwa leseni ile ile ya programu, na anayeanza aseme, apewe wiki mbili peke yake. Mimi watu wawili walinifanyia kazi ile ile bila kujuana, na ilibidi nimlipe kidogo aliyechelewa. Roho ilikataa kumwacha mikono mitupu.

Nikabakiza zawadi ndogo kwa mtu ambaye hajawahi kuigusa programu: arejeshe faili bila hiyo, kwa maelezo yaliyochapwa kwenye karatasi tu, maana baada ya miaka ishirini huenda programu yangu isiwepo. Aliyejitokeza alihangaika siku nzima akikitafuta kipande kimoja. Namba za misimbo zilianzia 0, na karatasi yangu ilisema "kipande cha 1". Nilimlipa mara mbili ya nilichoahidi. Sasa namba zinaanzia 1, na amri zote za kurejesha zimechapwa kwa herufi kubwa kwenye ukurasa wa kwanza, juu ya misimbo.