Diski nzima, uandishi unasuasua: nilivyomfikia mchawi

Malalamiko yalianzia kwenye hifadhidata ya seva yetu moja. Ripoti zilifunguka vizuri, lakini kila aliyebonyeza kitufe cha kuhifadhi alisubiri mpaka akadhani skrini imeganda. Nilipofungua top, programu inayoonyesha shughuli za mashine, nikakuta prosesa karibu zimelala, ila safu ya wa, yaani muda unaopotea kwa kusubiri diski, iko juu. Nikaendesha iostat -x, inayopima shughuli za diski: r_await (muda wa kusubiri kusoma) ilikuwa milisekunde chache tu, w_await (muda wa kusubiri kuandika) ikacheza kwenye mamia. Kusoma kuzuri, kuandika kubaya, tena kwenye diski zilezile. Nikaiacha hifadhidata kwanza, nikashuka chini yake.

Mwenzangu mmoja alipima kwa dd, programu ya kunakili data, na kupata kasi ya kupendeza mno. Kipimo hicho hakikufaa hapa. dd ikiendeshwa bila kigezo cha kulazimisha data ifike diskini huandika kwenye RAM, keneli (kiini cha mfumo endeshi) ikaitikia haraka, na diski ikaletewa mzigo baadaye. Hifadhidata haiendi hivyo: kila muamala ukikamilika huita fsync, amri ya kusukuma data mpaka kwenye hifadhi ya kudumu, na kungoja ihakikishiwe kwamba data imetua. Nikapima upya kwa fio, programu ya kupima diski, kwa vipande vya KB 4, kila kimoja kikifuatwa na fsync. Hapo ugonjwa ukajitokeza wazi.

Seva hiyo ina RAID 5, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja, za mizunguko 7200 kwa dakika. Mzunguko mmoja huchukua kama milisekunde 8.3, na kichwa cha diski nacho kinahitaji muda wa kusogea. Halafu kwenye RAID 5 uandishi mdogo mmoja huzaa kazi nne: kusoma data ya zamani, kusoma pariti ya zamani (hesabu ya kurudishia data diski moja ikifa), kuandika data mpya, kuandika pariti mpya. Kinachoficha gharama hii ni kache (kumbukumbu ya haraka) ya kontrola, kadi inayosimamia diski; kache hiyo hupokea data, kuitikia papo hapo, kisha kuipeleka diskini kwa mpangilio wake. Nilichokiona kwenye fio kilikuwa kasi ya diski zisizo na kache mbele yake.

Nilizikagua diski moja moja kwa smartctl, zote nzima. Hakukuwa na ujenzi upya wa RAID wala ukaguzi uliokuwa ukiendelea kwa nyuma. Ndipo nikaiuliza kontrola yenyewe. Programu yake hutoa mistari miwili iliyopangana, mtu akisoma haraka ataiona kama mmoja: sera ya kache iliyowekwa, na sera inayotumika sasa. Wa kwanza ulisema WriteBack, yaani kuitikia data ikifika tu kwenye kache; wa pili WriteThrough, yaani kungoja data ifike diskini. Nikaomba hali ya betri inayoilinda kache, nikaambiwa haishiki chaji tena. Kontrola ilikuwa imejiondoa kwenye kache kwa kuogopa kupoteza data, na ilikuwa sahihi kabisa.

Nilishauriwa niilazimishe itumie kache hivyohivyo mpaka betri mpya ifike. Nilikataa, na ningekataa tena. Betri ipo ili umeme ukikatika, data iliyokwisha kuitikiwa lakini haijafika diskini isipotee. Bila betri, hifadhidata inaahidiwa kitu kisichokuwepo, na unaweza kuamka na majedwali yaliyovurugika ambayo hata nakala rudufu ya jana haiyarudishi yote. Ni sababu hiyohiyo ninaizima kache iliyo ndani ya diski zenyewe: betri ya kontrola haiilindi.

Kwa muda wa kungoja, nilipunguza idadi ya fsync. Programu iliyokuwa ikiingiza rekodi moja moja, kila moja na muamala wake, tuliibadilisha iingize mamia katika muamala mmoja. Nafuu ilionekana siku hiyohiyo, na badiliko hilo tumelibakiza.

Betri mpya ilipowekwa, kasi haikurudi mara moja. Kontrola husubiri chaji ifike kiwango inachokiamini, na sisi tulingoja saa kadhaa. Kisha mstari wa pili ukasoma WriteBack, na w_await ikashuka chini ya milisekunde moja.

Kontrola nyingine, hata betri ikiwa nzima, huiishiza chaji na kuichaji upya kila baada ya muda ili kupima uwezo wake, na kwa saa hizo uandishi huzorota vilevile. Kwa hiyo nimeweka skripti inayolinganisha mistari ile miwili kila asubuhi na kunitumia ujumbe ikitofautiana, na ratiba ya kupima betri nimeihamishia usiku wa wikendi.