Tarehe Nyekundu

Kalenda ya mwaka 2025 iliyoning'inia nyuma ya mlango wa chumba changu hapa Makorora, mjini Tanga, nilipewa dukani Januari. Sikukuu zimechapwa kwa wino mwekundu. Jana usiku, Mei 2, mwanangu alipolala niliishusha nikaiweka mapajani nikahesabu. Aprili 7, Jumatatu, Siku ya Karume. Aprili 18, Ijumaa Kuu. Aprili 21, Jumatatu ya Pasaka. Aprili 26, Jumamosi, Muungano. Na juzi Alhamisi, Mei Mosi. Siku 5 ndani ya siku 25, na hakuna hata moja iliyoangukia Jumapili, ambayo ghala letu hufungwa hata hivyo. Mimi hulipwa Sh15,000 kwa siku. Ukitoa Muungano, ambayo niliitwa kazini, ni siku 4 bila malipo, Sh60,000.

Kodi ya chumba ni Sh40,000. Mchezo wetu wa akina mama, wa kuchangiana fedha kwa zamu, kila mwezi natoa Sh30,000. Kijumbe, anayekusanya michango, hana neno baya, lakini hapokei habari za sikukuu, na siwezi kumlaumu, maana kuna mwenzangu anayesubiri zamu yake.

Kazi yangu ni kuhesabu magunia yanaposhushwa na kupakiwa. Mkataba wangu ni wa miezi mitatu, ila malipo yanafuata daftari la mahudhurio: umesaini, umelipwa. Nilipoupata nilipiga hesabu ya siku 26 kwa mwezi, nikazidisha kwa tatu, nikampigia mama Pangani nikamwambia bati za jikoni kwake zitapatikana. Sikuangalia kalenda. Tarehe ya mwisho wa mkataba imeandikwa pale chini, na sikukuu haiisogezi hata siku moja. Siku ikiondoka imeondoka.

Alhamisi ile kabla ya Ijumaa Kuu, dada wa uhasibu alipita na mkoba wake begani, uso umechangamka. "Haya jamani, siku nne hizo, nakwenda Lushoto kwa wazee!" Nikamwitikia, "Haya dada, Pasaka njema, wasalimie." Nilimtakia kwa moyo mweupe. Yeye mshahara wake wa Aprili ni uleule wa Machi. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutoa: Ijumaa toa, Jumatatu toa.

Idd ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu tarehe yake haichapwi kwa uhakika. Usiku wa mwezi 29 Ramadhani, baada ya futari, mtaa mzima ulikuwa barazani, redio ya jirani imefunguliwa sauti ya juu, watoto wanakimbia juu ya mfuniko wa karo wakisema wameuona. Mimi nilikuwa na mambo mawili kichwani. Mwezi ukiandama, kesho hakuna kazi, basi niwahi gari la Pangani alfajiri na kanzu ya mtoto niipige pasi sasa hivi. Usipoandama, saa moja asubuhi niwe getini. Nikawasha pasi huku nasikiliza. Kanzu ilikuwa imeshakunjwa na mkate wa kumimina umeshaiva, na bado sijui kesho ni siku ya sala au ya magunia. Mwenye ajira ya kudumu naye anasubiri mwezi, lakini mwezi haumpunguzii kitu.

Naandika haya hasa kwa sababu ya Aprili 26. Lori liliingia, msimamizi akatuita sita. Tulishusha tangu asubuhi hadi saa kumi, tukalipwa Sh15,000 kila mmoja. Mzee mmoja tunayemwita Babu, mtu wa maneno machache, alizishika zile noti bila kuzikunja akauliza, "Mwanangu, leo si Muungano? Sikukuu si hulipwa mara mbili?" Msimamizi akajibu kwa upole tu, "Babu, hiyo ni ya waajiriwa. Nyinyi ni vibarua."

Babu alinyamaza. Mimi pia nilinyamaza, na ukimya wangu umenikaa kooni wiki nzima. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mwajiriwa akifanya kazi siku ya sikukuu alipwe mara mbili ya ujira wake wa msingi kwa kila saa aliyofanya. Mimi nina mkataba uliosainiwa, nina saa ya kuingia na saa ya kutoka, nina mtu wa kuniamuru simama hapa, hesabu pale. Kama huo si uajiriwa, ni nini? Jina la kibarua halipunguzi uzito wa gunia.

Mei Mosi niliamka mapema kwa mazoea. Wenzetu wa ofisini walivaa fulana mpya wakaenda kuandamana. Nilifua, nikamsuka binti wa jirani, jioni nikampigia mama. Aliuliza bati. Nikamwambia, "Mama, nipe mpaka Agosti."

Mkataba mpya umeletwa, Juni hadi Agosti. Nimeshauandikia kwa penseli pembeni: Idd el Haji, Saba Saba ni Jumatatu, Nane Nane ni Ijumaa. Sijausaini. Asubuhi ya Jumatatu nitamwonyesha msimamizi zile tarehe na kumwomba aandike kwa mkono wake tutalipwaje tukiitwa. Nimemwambia Babu. Akasema atakuja tusimame wote.